Jina Langu Ndani ya Koti la Sufu

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeteuliwa! Naandika hata viatu sijavua.

Asubuhi Mama Mkasi, mwenye karakana yetu ya ushonaji, alipiga makofi mara moja na cherehani zote nane zikanyamaza. Akatangaza. Duka moja la nchi za theluji linatafuta karakana ya kulishonea makoti ya baridi kali. Si makoti ya hivi hivi. Makoti ya kifahari, ya watu ambao hata mlango hawafungui wenyewe. Sharti lao ni moja: kila kitu ndani ya koti kiwe cha asili. Sufu kwa nje. Bitana ya hariri. Kitani ndani ya kola ili isimame. Uzi wa pamba. Vifungo vya pembe ya ng'ombe. Plastiki hawataki hata chembe. Mama Mkasi akaeleza kwamba wateja hao wanajali mazingira, wanataka koti ambalo likichakaa baada ya miaka hamsini unaweza kulizika bustanini, likaoza lote, likawa udongo.

Sikuelewa kwa nini mtu atafute kitu cha fahari kwa sababu kinaoza vizuri. Lakini nilitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyelifikiria jambo hilo tangu utotoni.

Mafundi wawili watashona, kila mmoja koti lake. Jumatatu ijayo anakuja mjumbe wa duka kuchagua moja. Mshindi atakuwa fundi mkuu, atahamia meza ya dirishani, na jina lake litashonwa ndani ya kila koti litakalosafiri.

Jina lake! Ndani ya koti!

Wa kwanza kutajwa ni mimi. Wa pili ni Taratibu. Nilicheka moyoni. Taratibu ni binti niliyemfundisha mimi mwenyewe kutunga uzi kwenye sindano, miaka sita iliyopita. Anaitwa hivyo kwa sababu hata kupiga chafya kwake kunachukua muda. Yule si mpinzani, yule ni mapumziko.

Niandike ukweli hapa, maana hapa hakuna anayesoma. Nimeshona kola kwa miaka kumi na tisa, kwenye cherehani iliyopakana na mlango wa choo. Kola za sare za shule, za walinzi, za makarani. Zote zinasimama vizuri, na zangu nazijua hata kwa mbali. Wiki iliyopita kwenye foleni ya posta kulikuwa na bwana mmoja mbele yangu, kola yangu iko shingoni mwake, imetulia kabisa. Nilitamani kumgusa bega nimwambie. Sikuthubutu. Kola zangu zinapita mitaani hazina mwenyewe. Jambo hilo linaniuma, na ndiyo maana watu wakiniita Fundi Kola naitika lakini sitabasamu.

Sasa basi!

Nimemwambia mke wangu ajiandae kuitwa mke wa fundi mkuu. Akauliza kama koti lenyewe nimeshaanza kulikata. Mwanamke huyu ana haraka.

Jumanne, 4 Novemba

Kitambaa kimefika. Sufu ya kijivu. Nilikishika kwa mikono miwili. Kizito, laini, ukikifinya kinarudi mahali pake bila kinyongo. Miaka kumi na tisa ya tetroni ya plastiki imevizoesha vidole vyangu vibaya. Vilikuwa havijui.

Fundi wa kawaida angeanza kukata. Mimi nilianza na lebo. Koti bila jina ni blanketi lenye mikono. Nikatoka mbio kwa muuza riboni, mzee wangu wa miaka mingi, nikachagua riboni nyeupe inayong'aa hadi unakunja macho. Maneno kwa dhahabu: KAZI YA MIKONO YA FUNDI MKUU KOLA. Muuza riboni akauliza lini nimekuwa fundi mkuu. Nikamwambia ni suala la siku sita tu. Nikamuuliza kama riboni ni ya asili. Akaweka mkono kifuani, akasema hiyo ni hariri tupu, minyoo imetoka jasho. Nilimtazama machoni. Macho ya uaminifu kabisa.

Niliporudi karakanani nikamkuta Taratibu hajakata hata kipande. Amekaa na sahani ya bati na kiberiti, anachoma nyuzi. Anakata uzi mmoja kwenye kila kibiringo, anauwasha, anausubiri uzime, anaunusa, anautazama, anauandika kwenye daftari. Kisha mwingine. Ndivyo tunavyopima huku kwetu: uzi wa pamba unabaki majivu laini, sufu na hariri vinanuka nywele zilizoungua halafu vinasagika kwenye vidole, lakini plastiki inayeyuka, inajiviringa na kuwa kishanga cheusi kigumu. Kila fundi anajua. Lakini nani anapima nyuzi ambazo Mama Mkasi mwenyewe ameshazinunua? Nikamuuliza anapika nini. Akasema anapika subira. Mafundi wakacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Jumatano, 5 Novemba

Nimekata koti. Nimeunganisha mgongo na mabega. Mikono yangu inaruka yenyewe.

Pia nina mpango.

Kama kuna uzi mmoja tu wa plastiki ndani ya koti la Taratibu, shindano limekwisha kabla ya mjumbe kuvuka mlango. Saa ya chakula nilichukua fagio, nikafagia chini ya cherehani yake. Miaka kumi na tisa sijawahi kugusa fagio hilo. Fundi wa suruali alikuja kunishika paji la uso kuona kama nina homa. Nikamwambia usafi ni wajibu wa kila mtu. Takataka za nyuzi nikazitia kwenye kisanduku cha kiberiti, kisanduku nikakitia mfukoni mwa shati.

Jioni nikazichoma jikoni, moja moja, juu ya kifuniko cha sufuria. Wa kwanza, majivu. Wa pili, majivu. Mke wangu akauliza ni nini kinachonuka. Nikamwambia ni maendeleo. Wa saba... ukayeyuka! Ukajiviringa! Kishanga cheusi! Niliruka hadi nikagonga rafu. Mke wangu akadhani nimeungua.

Nimekihifadhi kishanga ndani ya pamba, pamoja na kipande cha uzi kilichobaki. Kesho asubuhi mbele ya wote. Maskini Taratibu. Nitamfariji mwenyewe.

Alhamisi, 6 Novemba

Siku mbaya. Nitaandika kwa ufupi.

Nilisimama katikati ya karakana. Nikatoa pamba. Nikahutubia juu ya uaminifu katika kazi, dakika kama tano hivi. Mama Mkasi akavaa miwani, akakipeleka kile kipande cha uzi dirishani. Akauliza uzi una rangi gani. Nikasema bluu. Akauliza koti lina rangi gani. Nikasema kijivu. Akauliza ni nani humu ndani amevaa bluu. Nikaangalia huku na huku. Kila mtu alikuwa ananiangalia mimi. Akanyoosha kidole chake kwenye mfuko wa shati langu. Pindo la mfuko limefumuka, na uzi unaning'inia.

Fundi wa suruali alicheka mpaka akashika ukuta. Taratibu hakucheka. Hilo ndilo liliniudhi zaidi. Mama Mkasi akasema kwa kuwa nimependa kufagia, nimalizie karakana nzima. Nimefagia. Nimefagia vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kufagia pale, na waliona.

Mchana nimeanza kola.

Ijumaa, 7 Novemba

Kola imekamilika! Siwezi kuieleza. Niliivalisha sanamu ya kupimia nguo, nikarudi nyuma hatua tatu, nikatazama. Ilijiinua shingoni, ikageuka kidogo, ikatua. Hakuna mkunjo. Fundi wa suruali alipita, akasimama, akasahau alikokuwa anakwenda. Mama Mkasi akapita, akasema "mmh." Kwa Mama Mkasi, hiyo ni hotuba.

Lebo imefika pia. Inawaka! Niliipitisha cherehani kwa cherehani. Taratibu akaishika kati ya vidole viwili, akaisugua, akaigeuza. Akasema kwa sauti ya chini, shikamoo yake bado iko mdomoni, kwamba Fundi nisamehe, ningeomba uchome uzi mmoja wa hii kabla hujaishona. Nikamwambia hariri haichomwi ovyo, hariri inaheshimiwa. Akarudi kwenye kiti chake. Wivu. Unaanza hivi hivi, na vidole viwili.

Alasiri mama mkwe alikuja kututembelea. Nilikuwa na furaha, nikamweleza habari za koti, za theluji, za kupima nyuzi. Mama mkwe akasema hata yeye ana kitu cha asili: mtandio niliomvika siku ya kumwoa binti yake, hariri tupu. Alikuwa ameuvaa. Basi kwa kumpa heshima nikasema nimwonyeshe. Nilivuta uzi mmoja tu wa pindoni. Nikawasha kiberiti.

Kishanga cheusi.

Mama mkwe akakitazama. Akanitazama. Akasema, tena pole pole, kwamba kwa miaka kumi na minne amewaambia majirani mkwe wake alimvika hariri. Nikasema njiti za siku hizi zina kemikali. Akauvua mtandio, akaukunja mara nne, akauweka juu ya meza, mbele yangu, akamwomba binti yake amsindikize.

Mke wangu aliporudi akauliza mtandio ule niliununua wapi. Nikamwambia kwa muuza riboni, lakini asimlaumu, huenda naye alidanganywa. Yule mzee ni mwaminifu sana. Mke wangu akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo nimefanya jambo ambalo hakuna fundi mwingine angelifikiria.

Hebu jiulize. Tunashona koti la baridi kali. Nani kati yetu ameijua baridi kali? Hapa kwetu baridi ni asubuhi moja ya mvua, na watu wanaisimulia mwezi mzima. Mjumbe akiuliza kama koti langu linazuia theluji, nitamjibu kwa ushahidi gani? Nikafikiri. Halafu nikamkumbuka muuza nyama wa kona ya mtaa, mwenye chumba cha barafu cha kutundikia nyama.

Muuza nyama akakubali, mradi nisiegemee mzigo wake. Nikavaa koti, nikafunga vifungo vyote. Miguuni kandambili, maana lililokuwa kwenye mtihani ni koti, si miguu. Nikamwambia afungue baada ya robo saa. Akafunga mlango.

Robo saa ikapita. Nusu saa ikapita. Nilikuja kujua baadaye kwamba aliitwa kupeleka nyama shuleni, na huko akakutana na rafiki.

Lakini nisikilize mimi, ewe daftari: joto! Kuanzia shingoni hadi magotini nilikuwa kama niliyekaa jikoni. Kola ilinikumbatia masikio. Niliona pumzi yangu ikitoka mdomoni kama moshi, mara ya kwanza maishani, na kwapani natoka jasho. Nilitembea huku na huku kati ya nusu mbili za ng'ombe, nikajifanya niko kwenye barabara ya nchi za theluji. Niliwasalimia wapita njia. Nikawaambia ndiyo, ndiyo, ni kazi yangu, angalieni jina. Nilijiona mtu mkubwa, na sioni aibu kuandika hivyo. Kuna kitu kinachotoka kwenye mikono yangu kinachoweza kumtunza mtu asife kwa baridi, mbali kabisa, mahali nisipopajua.

Miguu, hata hivyo, ilikuwa imeshakuwa ya mtu mwingine.

Mlango ulipofunguliwa muuza nyama aliruka nyuma kwa mshtuko. Nikamtangazia kwamba koti limefaulu. Akauliza, na wewe? Akanisugua vidole vya miguu kwa taulo. Mtu mwema, ila hana kumbukumbu.

Njiani nyumbani nilifuatwa na mbwa. Kwanza watatu, kisha watano. Hawakubweka. Walinifuata nyuma kwa adabu, kama wajumbe wanaomfuata mwenyekiti. Nilidhani ni kwa ajili ya koti. Na kweli ilikuwa kwa ajili ya koti.

Jumapili, 9 Novemba

Koti linanuka bucha.

Mke wangu amekataa liingie chumbani. Nimelipulizia manukato. Sasa linanuka bucha inayokwenda harusini. Nikaamua kulifua. Nikachemsha ndoo ya maji, nikachota sabuni ya unga mikono miwili, nikalishika koti mabegani niliingize.

Hodi mlangoni. Taratibu! Alipoona mvuke alinirukia, nami sijawahi kumwona binti huyu akienda mbio kwa jambo lolote. Akanipokonya koti. Akasema Fundi, sufu ukiitia maji ya moto inajikunyata, utalitoa humo likiwa la mtoto mchanga. Litundike kivulini penye upepo, basi, sufu inatema harufu yenyewe. Nikamjibu kwamba najua, nilikuwa nachemsha maji ya chai. Akaitazama ile sabuni ya unga.

Tumelitundika kwenye kamba ya nyuma. Saa kumi alasiri nimelinusa: hakuna harufu! Hata kidogo! Nyuzi za asili zina akili kuliko watu wengi ninaowafahamu. Nilifanya vyema kuamua kulitundika.

Kumbe Taratibu alikuwa amekuja na kitu. Kitepe cha pamba, cheupe cha kawaida, ametarizi kwa mkono jina langu, Fundi Kola, kwa uzi wa kijivu. Herufi ndogo, zimenyooka. Akasema kama nitapenda nishone hiki badala ya ile ya kung'aa. Mke wangu akakipokea, akasema kizuri sana. Nikamshukuru Taratibu kama mtu mzima. Nikamweleza kwamba jina kwenye koti ni kama uso kwa mtu, huwezi kulivalisha kitambaa cha kufungia bandeji. Akaaga.

Mke wangu ameniambia mimi ni mtu mgumu. Nimemwambia ndiyo, kama kitani ndani ya kola.

Lebo ya dhahabu nimeishona. Mishono midogo mno, haionekani. Kazi bora niliyowahi kufanya.

Jumatatu, 10 Novemba

Niandike kwa mpangilio, bila hasira.

Mjumbe alifika saa nne. Nilitegemea mtu mnene mwenye wapambe. Akaingia mwanamke mwembamba, miwani minene, mkoba mdogo. Ndani ya mkoba kulikuwa na koleo dogo la kung'olea nyusi na kiberiti. Basi.

Alianza na la Taratibu. Akavuta uzi pindoni, akachoma: majivu. Bitana: majivu. Kola: majivu. Akafunua ndani, akasoma kitepe, akatabasamu, akavuta uzi hapo pia. Majivu. Kutoka nilipokuwa nimesimama niliona kitambaa cheupe tu, kama cha bandeji. Nikamwonea huruma.

Kisha langu. Hakuwasha kiberiti. Alitia kidole chini ya kola, akaiinua, akaiachia. Ikarudi, ikatua. Akarudia. Akarudia mara ya tatu. Akavua miwani. Akasema amekagua makoti kwa miaka ishirini, na kola ya namna hii ameiona labda mara mbili. Akauliza nani ameshona. Mama Mkasi akajibu, "Fundi Kola." Kwa mara ya kwanza nilisikia jina hilo nikatabasamu. Machozi yalinilengalenga. Nasema kweli. Miaka kumi na tisa kando ya choo, na mtu ameuliza nani ameshona.

Akapima pindo: majivu. Bitana: majivu. Kola: majivu. Tundu la kifungo: majivu. Akafunga kiberiti. Akachukua kalamu. Mama Mkasi akanikonyeza! Mama Mkasi, ambaye hakonyezi!

Nilikuwa nimeshinda. Ilikuwa imekwisha.

Lakini hakuwa ameona lebo.

Ilikuwa imejificha kwenye mkunjo wa bitana, naye alikuwa tayari anaandika. Ataandika nini bila jina? Nikakohoa. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba amesahau sehemu moja, tena ndiyo iliyo bora. Nyuma yangu Taratibu akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Nikadhani mafua yamemshika. Nikafunua bitana kwa mikono yangu miwili.

Iliwaka kama kioo. Mjumbe akakunja macho. Akasoma. Akashika uzi mmoja kwa koleo, akauvuta, akawasha kiberiti.

Cherehani nane, hakuna iliyolia. Uzi ukayeyuka. Ukajiviringa. Kishanga cheusi.

Nikasema hapana, huo ni uzi wa kuokota, umetoka kwenye mkoba wake. Nikaomba kiberiti. Nikasema nitaonyesha mwenyewe. Mama Mkasi akasema Fundi, acha. Nikawasha, nikaugusisha moto kwenye kona ya lebo.

Ilianza na KAZI. Kisha YA MIKONO. Ilikuwa inajikunja kama jani, na mimi napuliza, na kila nikipuliza inakwenda kasi zaidi. MKUU iliondoka kwa moshi mweusi. Mwisho likabaki donge, dogo kama punje ya kunde, limeng'ang'ania kwenye bitana ya hariri, na pembeni yake tundu la kupitisha ngumi. Sufu yenyewe haikushika moto. Ilifuka kidogo ikajizima. Nilimwomba mjumbe aandike hilo. Aliandika, kwa kweli, lakini kwa kalamu nyingine, nyekundu.

Katika koti zima kitu cha plastiki kilikuwa kimoja tu, nacho ni jina langu.

Taratibu ameshinda. Watu wote walimzunguka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikajifanya natafuta chaki. Karakana ilipotulia nikabaki peke yangu na makoti mawili, nikaenda kufunua lile lake, kutafuta kosa. Nikasoma kitepe.

"Taratibu, mwanafunzi wa Fundi Kola."

Herufi ndogo za kijivu, kwa mkono. Baada ya neno la mwisho kulikuwa na pengo dogo, pale mjumbe alipovuta uzi wa kuchoma. Jina langu lilipimwa kwa moto likatoka majivu laini, halali. Nilisimama pale kwa muda mrefu, nimeshika koti la mtu mwingine.

Jumatano, 12 Novemba

Siku tukufu!

Duka limeagiza makoti arobaini. Fundi mkuu Taratibu ametoa amri yake ya kwanza: kola zote arobaini nishone mimi, hakuna mwingine wa kuzigusa. Amri ya pili: meza ya dirishani nihamie mimi, kwa kuwa yeye jua linamsumbua macho na amezoea pale alipo. Nimehamia! Naona barabara nzima. Choo sikioni wala sikisikii. Nimemwambia mke wangu kwamba ukiangalia vizuri, aliyeshinda ni nani? Akasema niende kwanza kwa mama yake na mtandio wa kweli. Nitalifikiria.

Koti langu lenye tundu haliwezi kuuzwa, hivyo Mama Mkasi amenipa. Leo adhuhuri nimelivaa kwenda posta. Jua lilikuwa la kuchoma utosi. Watu watatu waliniuliza nina homa gani. Jasho lilifika hadi kwenye soksi, lakini kola haikutetereka! Na kwenye foleni nikamwona yule bwana, kola yangu shingoni. Safari hii nilimgusa bega. Nikamwambia, kola hiyo ni yangu. Akaanza kuvua shati. Ilibidi nimweleze kwa kirefu, na foleni yote ikasikiliza, na mwisho alinipa mkono. Nimetembea kurudi nyumbani nikiwa mrefu zaidi.

Basi jina langu linakwenda kwenye theluji, mara arobaini, ndani ya kitepe cha Taratibu. Nina furaha. Namshukuru binti yule, ana moyo.

Lakini tuseme ukweli. Ameliweka mwishoni. Kwa herufi ndogo. Kwa uzi wa kijivu juu ya kitepe ambacho haking'ai hata ukikiwekea taa. Mtu wa nchi za theluji, na baridi ile, atahangaika kusoma mpaka mwisho wa mstari? Taratibu anajua kushona, kutangaza kazi hajui. Nani atamsaidia kama si mwalimu wake?

Nimeagiza lebo arobaini. Upana mara mbili ya ile ya kwanza, dhahabu pande zote. Nitazishona chini ya kola, mahali ambapo ni mimi peke yangu ninayefika, kabla mjumbe hajaja kukagua mzigo. Itakuwa zawadi ya kushtukiza kwa wote. Muuza riboni ameniambia ile ya kwanza ilitoka kwenye mzigo mbaya, hata yeye alilia. Hii ya sasa ni hariri tupu. Kiberiti nilikuwa nacho mfukoni. Lakini nilimtazama machoni, nikaona hakuna haja ya kupoteza njiti.